Bakuli la Bibi na Mpelelezi wa Naif

Juzi tumemhamisha bibi kutoka mtaa wa Naif kwenda Al Garhoud, huku huku Uarabuni, na chini ya kitanda chake nikakuta kasha la vitabu vyangu: hadithi za zamani za Kiingereza za binti mpelelezi, alizonipa mwalimu wangu alipokuwa akihama nchi. Nikakaa sakafuni, vumbi mpaka puani, nikaanza kusoma. Wallahi nilicheka, kisha nikakasirika. Kila mweusi humo ni mpishi, bawabu au mwizi, na akifungua mdomo ni kubabaika tu. Kila mgeni ana macho ya hila. Na mimi, na weusi wangu huu wa Unguja, nilivisoma vyote nikiwa na miaka kumi na moja na hata siku moja sikujiona upande ule. Nilijiona ndiye yule binti wa nywele za dhahabu, tena mwenye gari lake.

Sasa ngoja nikwambie vilinifanyia nini.

Miaka ile, elfu mbili na kumi na kitu, Ramadhani ilikuwa ikiangukia kiangazi. Chini ya jengo letu, wafanyabiashara wa Afrika Mashariki walifunga maboksi yao ya kusafirisha, selotepu ikilia mchana kutwa. Juu kwetu ni harufu ya sambusa, tambi na udi. Kabla ya magharibi sahani zilipanda na kushuka ngazi, jirani kwa jirani, na mbebaji wetu alikuwa mlinzi wa jengo. Alikuwa Mganda, Mkristo, hafungi, lakini hakuonja hata maji mbele yetu. Bibi alimwita mwanangu, naye akimwita bibi jaja, kama wanavyowaita bibi zao kwao.

Siku tatu kabla ya Idi bibi akafungua kabati. Bakuli lake la kaure, alilokuja nalo kutoka Unguja akiwa bi harusi, halipo! Akakaa kitini akalia, na mimi sikuwahi kumwona bibi akilia. Nikachukua daftari. Nani anaingia kwetu? Nani mgeni? Nani nilimwona ngazini na kitu kimefunikwa kitambaa? Nikaandika: mlinzi. Nikampelekea baba, naye kwa hasira zake akampigia simu msimamizi wa jengo. Msimamizi akajibu khalas, yamekwisha, afunge mizigo, anaondoka leo leo. Nikamsikia mama jikoni akisema masikini, viza yake itafutwa, atarudi kwao mikono mitupu na watoto wanne wako shule.

Nikashuka. Nilimkuta kwenye kijichumba chake karibu na mlango, anakunja mashati. Nikamuuliza, jambo ambalo hakuna mtu aliyelifanya siku nzima.

"Mjomba, lile bakuli la bibi unalijua?"

"Si shangazi yako ndiye alinipa? Ilikuwa na tambi. Nilipeleka kwa mama wa ghorofa ya nne."

Shangazi! Alikuja kututembelea kutoka Muscat, sahani zikamwishia, akachukua bakuli lililokuwa karibu, na kesho yake akarudi kwao. Nilipanda ngazi mbili mbili. Jirani wa ghorofa ya nne alikuwa mjamzito, daktari kamkataza kunyanyuka kitandani. Akanionyesha bakuli, limeoshwa, limefunikwa kawa.

"Niliona haya, mwanangu. Nitalirudishaje tupu?"

Maana kwetu sahani ya Ramadhani hairudi tupu. Alikuwa akingoja apate nguvu apike.

Nikaliteremsha kwa mikono miwili mpaka mlangoni, ambako baba, msimamizi na majirani walikuwa wamemzunguka mlinzi na begi lake. Nikasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza ili msimamizi naye asikie: "Hakuiba. Mimi nimemsingizia. Nimekosea." Baba akamshika mlinzi mkono, akamwomba radhi mbele za watu. Msimamizi akaguna, akasema yalla, rudi kazini. Na bibi, aliyekuwa ameshuka nyuma yangu, pale pale ngazini akapiga kigelegele cha harusi hasa mpaka wenye maduka wakatoka kutazama!

"Wewe polisi mbaya sana," mlinzi akaniambia, anacheka anafuta macho. "Lakini umekuja kuuliza."

Wiki hii nimevimaliza tena vitabu vyote. Yule binti hakosei hata mara moja, wala hamuulizi bawabu swali la maana. Basi nimemshinda, tena mbali!

Kwenye jengo jipya la bibi futari inaletwa na pikipiki, na jirani hujui hata anatokea wapi. Ukipiga kigelegele kile leo utaitiwa polisi wa kweli. Nayatamani yote yale, sikufichi. Mlinzi naye hayupo. Alikaa miaka minne zaidi, akamaliza kujenga nyumba kwao, akatuaga mlango kwa mlango, akaenda uwanja wa ndege siku aliyoichagua yeye, si ile niliyomchagulia mimi.