Hawezi Kumtaja

Baba alipokuja kututazama Lunyo, hakuingia ndani ya boma la bibi. Aliegemeza baiskeli kwenye uzio wa minyaa, akavua kofia, akakaa kwenye gogo upande wa nje na kuangalia barabara. Bibi naye alikuwa jikoni, mlango ameurudisha, akiangalia ukuta. Katikati yao nilikuwepo mimi.

"Mwambie baba yako chumvi imekwisha," bibi alisema kwa sauti ambayo ingemfikia hata mtu aliyeko Bulumbi.

Nikatoka mbio. "Baba, bibi anasema chumvi imekwisha."

Baba, ambaye mkono wake ulikuwa umekwisha kuingia kwenye mfuko wa baiskeli kuitafuta hiyo chumvi, aliinua nyusi kama mtu anayepata habari sasa hivi. "Ala! Mwambie bibi yako nimeleta."

Nikarudi mbio. Bibi alisikiliza kwa makini yale aliyokwisha kuyasikia, akatikisa kichwa, akanituma tena. Nilikuwa na miguu myembamba wakati ule na watu walidhani ni njaa. Haikuwa njaa, ilikuwa kazi ya kubeba maneno.

Bibi huyo alikuwa mama wa mama yangu, na baba alikuwa mkwe wake. Kwetu Wasamia, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mkono, na kubwa kuliko yote, hawatajani majina. Siku hizi vijana hucheka wakisikia haya, na baadhi yao wanakaa sebule moja na mama wakwe zao wakibishana juu ya mpira. Mimi sicheki. Nimeona heshima ile ikiwalinda watu wawili wasioneane haya katika umaskini wao, na nimeona ikitunyang'anya mtoto.

Mtoto huyo alikuwa mdogo wangu. Mama alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Bibi akamlea kwa uji wa wimbi na maziwa ya ng'ombe wetu mmoja, nami nikalala naye. Alikuwa na tabia ya kushika sikio langu la kushoto mpaka usingizi umchukue, na nikijaribu kulichomoa anaamka na kupiga kelele. Nililalamika sana. Nilisema sikio langu litarefuka niwe sungura.

Kisha ng'ombe akakauka maziwa, na mtoto akaanza kuvimba miguu na nywele zake zikawa nyekundu. Baba alikuja akamwona kupitia kwenye uzio, nimembeba mgongoni. Alikuwa karani na mkalimani katika ofisi ya serikali kule Tororo. Alikuwa mtu wa ofisi, na aliamini ofisi jinsi wengine wanavyoamini dawa. Alisema kule kuna makao ya watoto ya serikali, yenye muuguzi, maziwa ya unga na vitanda vya chuma. Mtoto atakaa huko msimu mmoja tu, apone, arudi.

"Mwambie bibi yako ni msimu mmoja," aliniambia. Bibi akajibu kutoka jikoni, "Mwambie mtoto ni wake."

Baba akamfunga kifuani kwa shuka na kuondoka naye kwa baiskeli. Mdogo wangu hakulia. Alikuwa ameshika sikio la baba.

Msimu ukapita, na mwingine. Kila alipokuja baba, bibi aliuliza kupitia kwangu mtoto anarudi lini, na kila mara baba alijibu kwa kuangalia zaidi barabara. Mwishowe bibi akachoka kungoja. Tulitembea hadi Busia, tukapata lori la pamba, tukafika Tororo meno yetu yakiwa mekundu kwa vumbi. Mlangoni mwa yale makao msimamizi alitusikiliza, si kwa ubaya, kisha akasema mtoto huyo aliletwa kama yatima wa pande zote mbili. Hana baba wala mama, hana mtu. Makao yale yalipokea watoto wa namna hiyo tu.

"Mimi ni bibi yake," bibi alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama, mabibi wanakuja wengi," msimamizi alijibu. "Kama baba iko, baba akuje."

Hapo ndipo tulipojua. Ili mtoto apate kitanda, baba alikuwa amesema mtoto hana baba. Alijifanya karani tu aliyemwokota. Na sasa hakuweza kusema vinginevyo bila kufukuzwa kazi kwa kuidanganya serikali aliyoitumikia. Sehemu hiyo ya mwisho aliniambia mwenyewe nilipokuwa mtu mzima, bila kuulizwa.

Njia nzima ya kurudi bibi hakumlaumu. Alisema neno moja tu tulipokuwa tukishuka kwenye lori. "Baba yako alikuwa na haraka." Nilikasirika. Nilitaka amtukane. Lakini mkwe hatukanwi, hata akiwa mbali, hata mbele ya mtoto.

Ilikuwa mwaka uliofuata uhuru. Jumapili moja katekista alitangaza kanisani kwamba kamati ya Bunge inatoka Kampala kuja Tororo, kuchunguza jinsi serikali inavyowatunza watoto wasio na watu, wajane na familia zisizojiweza. Kila mwenye jambo aje aseme, na waheshimiwa watasikiliza. Watu walinong'ona kwamba kamati hiyo inaweza kumwamuru hata msimamizi wa makao.

Bibi alianza kujifunza maneno yake palepale. Alipokuwa akipalilia wimbi alikuwa akiwahutubia wabunge. "Waheshimiwa, mtoto wangu ana nyumba. Ana shamba la mihogo. Ng'ombe amezaa, maziwa yapo. Ana dada wa kulala naye. Nirudishieni mtoto wangu." Kisha ananigeukia. "Nimesema vizuri?" Nikimwambia ndiyo, anarudia tangu mwanzo. Nafikiri hata magugu ya shamba lile yalijua hotuba ile kwa moyo.

Siku yenyewe alivaa gomesi lake la harusi za watu na kubeba kifurushi cha njugu na gauni dogo alilolishona kwa kukisia. Hakujua mtoto amekuwa mrefu kiasi gani, kwa hiyo aliacha upindo mpana wa kufumua.

Ukumbi ulijaa. Mlangoni askari alinizuia. "We mtoto, nakwenda wapi?" Nikasema niko na bibi, akatupisha. Kule mbele walikaa waheshimiwa nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani, suti zao nyeusi, na pembeni yao, amesimama na tai shingoni, mkalimani wa siku hiyo. Alikuwa baba.

Hatukujua kama ndiye, naye hakujua kama tungekuja. Bibi alimwona kwa kiasi cha kufumba na kufumbua. Akavuta leso juu ya kichwa, akageuka, akatoka nje kwa haraka ambayo sikujua bado anayo. Nikamkuta amesimama nyuma ya ukumbi, chini ya dirisha, mgongo ukutani.

"Turudi nyumbani, kukhu?" nilimuuliza, nikimwita bibi kwa Kisamia.

"Turudi bila mtoto?"

Zamu yetu ilipotajwa, nilisimama ndani, kando ya dirisha, na bibi akabaki nje na mkono wake ukiwa umepita dirishani, umenishika vidole. Mwenyekiti wa kamati, mtu mnene mwenye sauti ya upole aliyetoka upande mwingine kabisa wa nchi, aliuliza kwa nini shahidi yuko nje. Baba alijibu kwa Kiingereza kwamba mama huyu anaona haya mbele ya wanaume. Labda hata kwao yule mwenyekiti mtu humkimbia mama mkwe wake. Lakini angejuaje kwamba mkalimani wake ndiye mkwe?

Basi tukaanza kazi tuliyoizoea. Mwenyekiti aliuliza kwa Kiingereza, baba akanigeukia na kusema kwa Kisamia, mimi nikamwambia bibi dirishani, bibi akanijibu, nikamrudishia baba, baba akawarudishia waheshimiwa. Ilikuwa chumvi ileile na uzio uleule, ila safari hii tulivaa nguo nzuri.

Na bibi alisema vizuri. Nyumba. Mihogo. Ng'ombe. Dada wa kulala naye. Baba alitafsiri kwa sauti imara, na mara moja, aliposema habari ya ng'ombe kuzaa, nilimwona karibu atabasamu. Mwenyekiti alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mheshimiwa mmoja alisema kwamba watoto wenye kwao wasikae katika makao wakati wasio na kwao wanalala nje. Kiingereza changu cha darasa la tano kilitosha kuelewa hilo. Niliminya vidole vya bibi, naye akaviminya vyangu.

Kisha mwenyekiti akauliza, "Na baba wa mtoto yuko wapi? Ni nani?"

Baba alikunywa maji. Alifungua kifungo cha shingo chini ya tai. Halafu akanigeukia, akiangalia juu ya kichwa changu kama alivyoangalia barabara siku zote, akaniuliza mimi, mwanawe, kwa Kisamia safi, baba wa mtoto ni nani.

Nikamwambia bibi. Sikuhitaji kumwambia, alikuwa amesikia. Angeweza kusema ndiye huyo anayeuliza. Maneno matatu yangetosha, na mtoto angerudi nasi jioni ile. Na baba angetoka pale bila kazi, mbele ya ukumbi mzima, ameumbuliwa na kinywa cha mama mkwe wake.

"Waambie," bibi alisema polepole, "siwezi kumtaja."

Wanawake wawili wa Kisamia kwenye benchi la nyuma walitazamana. Wao walielewa. Kwetu, mwanamke akisema hawezi kumtaja mtu, maana yake mtu huyo ana heshima kwake, yupo, ni mkwe, tena huenda yuko karibu.

Nikamwambia baba, "Anasema hawezi kumtaja."

Baba akawageukia waheshimiwa, akatafsiri neno kwa neno. Hakuongeza, hakupunguza. Anasema hawezi kumtaja. Na kwa Kiingereza, maneno yaleyale yalikuwa na maana nyingine kabisa. Niliwaona wakipata maana hiyo, mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti akashusha macho kwa huruma. Yule mheshimiwa aliyetutetea akajifanya anatafuta kalamu. Mama yangu, aliyeolewa kwa ng'ombe na kwa harusi ya kanisani, alikuwa amegeuzwa mwanamke aliyezaa na mtu asiyejulikana.

Baba alijua. Mkalimani mzuri kuliko yule hakuwepo wilaya nzima. Alisimama na sentensi yake ya kweli iliyokuwa uongo mtupu, nami nilifungua kinywa. Bibi akanibana vidole mpaka vikauma. Hakujua Kiingereza, hakujua kilichotokea, alijua tu kwamba nataka kumwaibisha baba yangu.

Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba mtoto asiye na baba wala mama ni mtoto wa serikali, na kwamba bibi ni mzee. Akamshukuru kwa kuja. Wakamwita mwingine.

Lazima niseme haki ya kamati ile. Baada ya wao kupita, makao yalipata mablanketi mapya, paa likazibwa, na muuguzi wa pili akaletwa. Waliuliza maswali mazuri siku nzima. Nimewachukia kwa miaka mingi, na bado siwezi kuonyesha kosa lao.

Bibi aliacha njugu na gauni kwa askari wa makao, akaomba vimfikie mtoto. Mwanga wa jua ulikuwa unaondoka kwenye mwamba wa Tororo tulipopanda lori. "Nilisema vizuri?" aliniuliza. Nikamwambia alisema vizuri sana.

Masika yaliyofuata surua ilipita Tororo.

Baba alikuja siku isiyo yake, mvua ikinyesha, bila baiskeli, bila sukari wala chumvi. Hakukaa kwenye gogo. Alisimama nje ya uzio, kofia mkononi, maji yakimtiririka usoni.

"Mwambie bibi yako," alianza. Akaanza tena. "Mwambie bibi yako kwamba mtoto..."

Nilingoja amalize ili nipate cha kubeba. Kisha kwa sauti ndogo akasema kwamba wamekwisha kumzika hukohuko, kwenye ardhi ya serikali, kwa sababu hakuwa na kwao.

Nyuma yangu mlango wa jikoni ulifunguka. Bibi alitoka bila leso, kichwa kitupu, mvi zake nje kwenye mvua, akatembea mpaka kwenye uzio na kumtazama baba usoni. Baba aligeuza uso. Bibi akamtaja.

Alimtaja jina lake la kuzaliwa, jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, akataja na ukoo wake, na jina la baba yake. "Mtoto wako yuko wapi?" alimuuliza. Baba alikaa chini kwenye matope. Bibi akamtaja tena, kwa sauti kubwa, na tena, mpaka majirani wakatoka milangoni, mikono vinywani.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati, mahali pangu pa siku zote, na hapakuwa na mtu aliyenituma.