Felisita Ayinpoka Aliyesimama Mbele ya Mawe

Alizaliwa mwaka 1946 katika kijiji cha Sapoore, kaskazini mwa Ghana, binti wa wasukaji wa vikapu. Aliolewa na Atanga, mtoto pekee wa Mama Lamisi, aliyekuwa akiwaogesha watoto wachanga wa kijiji kizima. Wito wa Felisita haukuja kwa ndoto wala sauti. Ulikuja pale mama mkwe alipoanza kupotea njia ya kisima chake mwenyewe. Felisita alimlisha, akamfuata kila alikozurura, hata akakonda. Majirani walimcheka: "Wee, unamfuga mchawi halafu unamsuka nywele?"

Mwaka 1988, wakati wa homa ya uti wa mgongo, mtoto wa jirani alikufa. Matanga hayajaisha, Lamisi akaingia uani na beseni la maji. "Nipeni mtoto nimwogeshe," alisema. Waombolezaji wakamkamata, wakisema ndiye aliyemroga. Desturi yetu yajulikana: kuku huchinjwa akarushwa, akifa chali, mshtakiwa hana hatia, akifa kifudifudi, ni mchawi, na mchawi huuawa. Kuku akafa kifudifudi. Naandika haya kwa aibu, maana waliookota mawe walikuwa wametoka Misa, wengine wana rozari shingoni. Na wa kwanza kuinama alikuwa Atanga, mwana wa tumbo lake.

Felisita akasimama mbele ya mama mkwe. Hakulia, wala hakubishana na kuku. Aliuliza tu, "Mama, mwanao Atanga yuko wapi?"

Lamisi alipapasa mgongo wake mwenyewe, akainama kidogo kama mwenye kubeba mtoto. "Si huyu hapa, amelala. Punguzeni kelele, mtamwamsha."

Atanga aliliachia jiwe, akaketi mavumbini. Wengine wakaondoka mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo Felisita hakunyamaza. Alikwenda kwa padre, kwa wauguzi na kwa chifu, akisema kwamba kupotewa huku kwa wazee ni ugonjwa wa ubongo, na kwamba anayeuguza peke yake huugua naye. Chifu, ambaye kwetu huitwa Naba, akafoka: "Wewe mwanamke, utatufundisha mila?"

"Hapana, Naba. Nawafundisha kuogesha wazee."

Alimsumbua mpaka kuku wa hukumu akapigwa marufuku. Akina mama nao wakaanza zamu zinazodumu hadi leo: siku ya soko majirani hukaa na mgonjwa, ili mtunzaji wake atoke, au alale tu. Lamisi hakupona, lakini alikufa kitandani kwake, msafi.

Uzeeni ugonjwa uleule ukampata Felisita. Alisahau hata Baba Yetu, sala aliyotusalisha sisi wenyewe. Atanga alimwogesha kwa mikono yake, jambo ambalo wanaume wetu hawalifanyi. Siku moja Felisita akamuuliza, "Wewe nani?"

"Mimi ni yule wa mgongoni."

Felisita akacheka. "Basi shuka, umekuwa mzito."

Alifariki mwaka 2017. Wapo wanaosimulia maajabu ya kaburini kwake, nami siwapingi. Wewe ukipita penye mgonjwa wa namna hii, ingia, shika beseni, umwambie anayemtunza akalale.