Asali Ndani ya Kibofu

Mzee Kimaren hakwenda shuleni kutazama sayansi. Alikwenda kumchukua binti yake, na yeyote aliyemwona akikatiza kijiji cha Kang'ata na fimbo yake asubuhi ile alilijua hilo. Tangu Operesheni Vijiji iwakusanye wafugaji na wakulima mahali pamoja, alikuwa amekubali mengi, hata kumwacha Simaloi alale kwa Bi Mwaija karibu na shule ili asome. Lakini sasa msichana yuko darasa la saba, mifugo inataka mikono, na mchumba ameshatajwa. Basi! Simaloi alifunga nguo zake katika kifurushi, akakiweka mlangoni mwa darasa, akarudi kukaa bila kumtazama mtu.

Mwalimu Zuena, Mzigua wa Sindeni mwenye maneno ya haraka, hakubishana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Simaloi ndiye aliyeleta kibofu cha somo la leo. Mwache amalize, kisha mwende."

Kimaren akajibana kwenye dawati la watoto, magoti yakakaribia kidevu.

Zuena alijaza kibofu cha mbuzi asali iliyozimuliwa kwa maji, maana sukari mwaka ule ilikuwa ya kusikia tu. Akakifunga kwa uzi wa katani kwenye mrija wa kioo, akakining'iniza ndani ya sufuria ya maji, na pale asali ilipoishia mrijani akafunga uzi mwekundu.

"Itapanda," alisema. "Na hakuna atakayeigusa."

Haikupanda. Jua lilihama dirisha, nzi wakaja kuangalia asali, na asali ikakaa pale pale. Kimaren akaguna, akainuka.

"Mwalimu, ng'ombe wananingoja."

Zuena alikuwa amekitoa kibofu majini. Akakipapasa, akanusa vidole vyake.

"Simaloi, ulikifanya nini hiki?"

"Nilikipaka mafuta ya kondoo, mwalimu. Kama mama anavyopaka ngozi, isikauke ikapasuka."

Darasa zima liliangua kicheko. Simaloi akainamisha kichwa. Somo lake la mwisho, na ameliharibu kwa mikono yake mwenyewe!

Zuena naye alicheka, ila kwa upole. "Umekitunza kama mnavyotunza vitu kwenu, mwanangu. Lakini umeziba njia ya maji."

Kimaren hakucheka. Kosa lilitoka nyumbani kwake, na mafuta yalikuwa ya kondoo wake. Alisimama pale mlangoni, kifurushi kikiwa miguuni pake, uso umemwiva kwa aibu.

"Kesho naleta kingine," alisema. "Isije ikasemwa nyumba ya Kimaren imeharibu kazi ya mwalimu."

Na kweli alikuja, na kibofu kibichi kilichooshwa kwa maji matupu. Alikipuliza mwenyewe mpaka kikavimba, akakizamisha kwenye sufuria kutafuta tundu. Hakikutoa hata povu moja. Akakifunga mwenyewe kwenye mrija, kwa fundo la kufungia ndama. Kama jana kulikuwa na ujanja wa walimu, leo haukuwa na pa kupitia.

Wakangoja. Asali iligusa uzi mwekundu. Kisha, polepole, ikaupita.

Hakuna aliyecheka safari hii. Kimaren alisogeza uso hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaufuta haraka kwa shuka.

"Nani anaisukuma?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Maji ya sufuria, mzee. Yanapenya ngozi. Ina vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Maji yanapita, sukari ya asali inabaki ndani."

Kimaren akachovya kidole katika sufuria, akaonja. Maji tu. Mzee huyu alikuwa amechuna mbuzi tangu hajaota ndevu, na vibofu vyote vile akawatupia mbwa. Kumbe alikuwa akitupa kitu cha namna hii! Alistaajabu mpaka machozi yakamlengalenga, wala hakuyaficha.

Kengele ililia, watoto wakatoka. Simaloi akaenda mlangoni, akachukua kifurushi chake, akaja kusimama kando ya baba yake.

"Baba, niko tayari."

Kimaren hakugeuka. Alinyoosha mkono, akamnyang'anya kifurushi, akakisukumia chini ya dawati kwa fimbo.

"Haijafika juu," alisema. "Kaa."

"Na ikifika?"

"Mwulize mwalimu wako kinachofuata. Halafu uje uniambie."