Papa na Hesabu ya Trente

Enzi zetu, ziwa halikuwa la kupigia picha. Sisi wa mtaa wa Muhumba tuliliona Kivu kila asubuhi tukipiga mswaki, na sikumbuki mtu aliyesimama kulisifu. Lilikuwa ziwa tu, la kufulia nguo, la kuogea, la kutuletea sambaza, vile visamaki vya kukaanga. Tulilipenda kwa siku moja katika mwaka, nayo ni siku ya boti.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya kwanza baada ya proclamation, pale shule inaposoma matokeo mbele ya watu wote, kila mtoto na pourcentage yake, alama zake kwa mia, wazazi wamekaa wanasikiliza. Ukifaulu, unapanda boti. Ukianguka, unabaki nyumbani na shangazi, unachambua maharage. Watoto wa leo wakifaulu wanaahidiwa simu, na wakianguka wanaipata vilevile, kwa hiyo hawawezi kujua tulivyokesha na vitabu kwa ajili ya boti ile kuukuu ya kuazima, yenye motere iliyokohoa kuliko babu yetu.

Maman alibeba viazi vya kuchemsha, mandarini, na pilipili katika kichupa cha mayonezi. Mpira wa ndani wa gurudumu la lori ndio ulikuwa wa kutuokoa tukizama. Lakini mali yetu hasa ilikuwa masque. Tonton, mdogo wake papa, yaani baba yetu, alirudi nayo kutoka masomoni ng'ambo: kioo kimoja kipana, kimezungushiwa mpira mweusi, unakivaa usoni na kuona chini ya maji. Bomba lake la kupumulia lilipasuka mwaka wa kwanza, tukawa tunabana pumzi.

Masque moja, watoto wanne. Papa, ambaye alikuwa mtu wa ofisi, akatuwekea sheria ili tusitoane macho: kila mmoja kwa zamu, kichwa majini, mpaka trente, yaani thelathini. Alihesabu mwenyewe, kwa Kifaransa kama darasani, amekaa katikati ya boti na viatu vyake vya ngozi, mikono miwili imeshika ubao. "Vingt-neuf, trente! Toka, mupe mwenzako!" Kaka yangu Deo aliapa kila mwaka kwamba papa aliruka vingt-deux kwenye hesabu.

Tulikuwa tunafunga boti kwenye kisiwa kidogo upande wa Ibinja, ambapo maji yalikuwa maangavu mpaka chini. Mawe yaliota majani laini. Kaa wadogo walitembea kiubavu wakiwa na haraka zao, na samaki wa urefu wa kidole, wengine na mgongo wa buluu, walikuja kunusa kioo halafu wakakimbia. Trente haikutosha hata siku moja. Nilikuwa natoka majini, pua inawasha, na jambo la kwanza nililofanya ni kumwita.

"Papa, kuya uone!"

"Leo niko na grippe," alijibu.

Mafua hayo ya grippe yalimpata kila mwaka, siku ya boti. Mwishowe maman alinivuta pembeni. "Muache papa yako. Ni mutu wa milima, alikomala na ngombe." Papa alizaliwa juu huko Walungu, na ziwa aliliona kwa mara ya kwanza akiwa tayari na ndevu. Hakujua kuogelea, aliogopa maji, na aibu hiyo aliifunika kwa shati lililopigwa pasi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, sikutaka kuelewa. Nilitaka jambo moja tu, papa aone nilichokuwa naona.

Alichopenda yeye ni ndoano, kwa kuwa mtu anaweza kuvua bila kulowa. Mwaka ule, baada ya kula, uzi wake ulivutwa kwa nguvu, tukaona mgongo wa tilapia mkubwa sana. Na papa, yule yule aliyetuimbia mwaka baada ya mwaka "Hakuna mutu wa kusimama mu boti!", akasimama. Boti ikainama. Papa akaenda majini na uzi, na kofia, na viatu vyake.

Alipiga kelele. Alipigapiga maji kwa mikono miwili, akamwita mama yake kwa Kimashi, lugha ya kwao milimani. Maji yalikuwa ya kiunoni.

Tulicheka wote, lakini mimi nilicheka kuliko wote. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma: nilianza kumhesabia. "Un! Deux! Trois!" Wengine wakadakia, tukahesabu kwa sauti moja kama watoto wa shule mbele ya bendera. Kufika dix, yaani kumi, papa alikuwa amesimama, anayatazama maji yaliyomfika mkandani. Hakutukaripia. Alitembea mpaka ufukweni, akakaa juu ya jiwe, akakamua soksi zake moja moja.

"Mulifanya mubaya," maman alisema kwa sauti ndogo.

Mwaka uliofuata papa alikuwa na kazi. Uliofuata tena, séminaire ya kazini. Kisha tukaacha kuuliza. Masque ilibaki kwenye msumari mlangoni pa jikoni mpaka mpira wake ukakauka na kukatika, na kila nilipopita pale nilijua ni nani aliyetuharibia siku ya boti.

Julai hii watoto wetu walitaka kwenda visiwani. Siku hizi kila mmoja ana gilet lake la kuelea, la rangi ya machungwa, masque yake yenye bomba zima, na simu shingoni ndani ya mfuko wa plastiki. Papa amepita miaka themanini na anatembelea fimbo. Asubuhi hiyo tulimkuta sebuleni na shati la pasi, fimbo mkononi.

"Na mie niko naenda," alisema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kuhusu grippe.

Kisiwani, kijana wangu aliwapiga video samaki, kisha akaja kukaa kivulini kuwatazama kwenye simu, na samaki wenyewe wako hatua tano. Nilikuwa nafungua kinywa kumsema nilipoona papa anavua viatu.

"Lete ile kioo," alimwambia mjukuu wake.

Tuliingia naye, mimi mkono huu, Deo mkono ule, mpaka maji yakatufika kiunoni. Alitubana mikono kwa nguvu. Akauma bomba, akainama, akaingiza uso. Lazima mtu ahesabu, nikaanza. Un, deux, trois. Trente ilifika. Hakutoka. Nikasema trente et un, na trente-deux, na hakuna aliyecheka.

Kwenye quarante-sept, arobaini na saba, aliinuka, maji yanamchuruzika ndevuni.

"Kumbe njo vile munaonaka," alisema. "Na miaka yote ile nilikuwa nawapatia trente tu!"

"Papa," nilianza, "ile siku nilicheka..."

Alikuwa tayari anarudisha kioo usoni.

"Hesabu tena," aliniambia. "Lakini polepole."