Ukungu wa Mzee Owiti

Amondi alizaliwa kambini Kericho, katikati ya majani chai, ndani ya nyumba nyeupe iliyopakwa rangi na babake mwenyewe. Mzee Owiti alitoka kwao ziwani akiwa kijana, kampuni ya chai ikampa brashi, na mpaka wanamstaafisha alikuwa amepaka kuta za kambi hiyo mara nyingi kuliko alivyonyoa ndevu. Kibarua akiacha doa moja bila rangi, mzee alikuwa anamwita jina la mnyama.

Kwa hivyo msichana aliposema anaenda chuo kusomea digrii ya sanaa, akina mama wa kambi walisikitika kama wako matangani, lakini mzee alifurahi. "Huyu sasa ndiye fundi," alisema. "Mimi nilipaka bila cheti."

Hakuna aliyemweleza kwamba rangi za maji ni dini ingine. Huko nyeupe haitoki kwa mkebe. Nyeupe ni karatasi yenyewe: unaizunguka na brashi, unaiacha, na ukiigusa imeenda. Amondi alijifunza hilo kwa machozi. Na Kericho haimhurumii mchoraji wa rangi za maji. Mvua ya mchana hapa haikosi kazi hata siku moja, na karatasi inakauka ikipenda.

Picha ya mwisho, ile ya kumalizia digrii, aliichorea nyumbani. Shamba la chai asubuhi, wachumaji na vikapu mgongoni, na ukungu umekula nusu ya kilima. Huo ukungu ndio ulimtoa jasho. Ulikuwa karatasi tupu, lakini ukiuangalia unasikia baridi shingoni. Alipomaliza, akaiacha mezani ikauke, akaenda mjini Litein kutafuta ubao wa kuibebea, kwa sababu wahadhiri walikuwa wanamngoja kesho yake.

Aliporudi, mzee alikuwa anaosha brashi na mafuta ya taa.

"Nyathina, mtoto wangu, nimeona umechoka," alisema, meno yote nje. "Ulikuwa umeacha mapengo mengi sana. Nimekumalizia."

Ukungu ulikuwa umegeuka ukuta. Nyeupe ya mafuta, ile ya madirisha, inang'aa kama gari la mheshimiwa. Wachumaji wawili walikuwa wamezikwa humo wazima wazima, vikapu tu ndivyo vimebaki nje.

"Baba!"

"Wacha kunishukuru. Hata Molly jirani amekuja kuona. Amesema sasa inakaa kitu ya duka."

Amondi alikwangua na wembe. Karatasi ikaanza kuchanika, akaacha. Kesho yake akabeba hiyo hiyo.

"Nani alipaka hapa?" aliuliza Daktari Kiptum, mkubwa wa wahadhiri, kidole kikiwa juu ya ukungu.

Akisema ni baba, kazi si yake, huo ni udanganyifu, anafukuzwa chuo. Akisema ni yeye, basi hajui hata somo la kwanza.

"Ni mimi."

"Miaka minne, Amondi! Miaka minne, na hujui nyeupe inatoka wapi?"

Wakamwangusha. Arudie mwaka. Wenzake walipovaa majoho, yeye alikuwa nyuma ya hema, ameshikilia mikoba yao wakipigwa picha.

Nyumbani hakusema mengi. Utamwambia nini mtu aliyekunja mgongo juu ya karatasi yako mchana mzima, na miwani imefungwa na uzi, ili usiaibike mbele ya watu? Alisema tu kwamba wahadhiri hawakupenda ile nyeupe.

Mzee alifikiria sana, kifundi kabisa, akikuna kidevu.

"Hiyo ni makosa yangu," alisema mwishowe. Amondi akainua macho. "Nilipiga koti moja tu ya rangi. Koti moja lazima ya chini itokee. Mwaka ujao niite mapema, nitapiga mbili."

Siku hizi Amondi anachorea kwa Molly, na mlango unafungwa kwa ndani. Mzee, anayemwona tu akitoka kisirisiri kila siku, amewaambia watu kanisani kwamba binti yake amepata mchumba.