Aliyemlisha Bibi Keki

Wiki iliyopita mtoto wa mama yangu mdogo, yule wa Singida tuliyepishana naye miezi minne tu, alitutumia linki kwenye kundi la familia. Mkanda wa kipaimara cha dada yetu mkubwa ameupeleka kwa fundi, ukahamishiwa kwenye kompyuta, na sasa uko mtandaoni, mahali ambapo mwenye linki tu ndiye anayeuona. Niliufungua nikiwa jikoni, mikono imejaa unga. Nimeuangalia mara tano, rafiki yangu, na sijui tena niamini nini.

Kama ulikulia Babati utakumbuka miaka ile tulipoambiwa kwamba sasa sisi ni makao makuu ya mkoa. Kwetu Nangara tuliona tu wapangaji wageni na malori ya matofali. Dada alipopata kipaimara, baba naye akajiona mtu wa makao makuu, akakodi mtu wa video. Turubai likafungwa kati ya nyumba na mahindi, pilau likapikwa kwenye masufuria ya kuazima, na mama mdogo, ambaye ni fundi cherehani, akaja na magauni ya njano ya watoto wa kike wote, yamekatwa kwenye jora moja.

Televisheni hatukuwa nayo. Mkanda tuliuangalia kwa jirani kila Jumapili baada ya ibada, kandambili tumeziacha mlangoni. Jirani alikuwa mkali, hataki mtu aguse deki yake ya video, maana ikishakula mkanda ni yeye anayehangaika na bisibisi na kitambaa cha spiriti. Sisi tulimbembeleza tu arudishe pale pa keki. Baadaye mkanda ulifungwa kwenye khanga, akakabidhiwa konda wa basi la Singida ili na wa kule waone, ukarudi baada ya mwezi, tukaanza upya.

Pale pa keki, Bibi ameketi kwenye kochi lililotolewa nje. Ameshuka kutoka Mbulu. Mjukuu mdogo anaitwa amlishe, anamlisha, anajipaka krimu mwenyewe mpaka puani. Bibi anacheka, anamvuta, anamfuta uso kwa ncha ya kitenge chake. Mjukuu huyo ni mimi. Nimewasimulia wanangu mara nyingi, kwa sababu Bibi alifariki kabla mahindi ya mwaka uliofuata hayajavunwa, na sina kumbukumbu nyingine ya mkono wake. Bibi ninayemjua mimi ni wa hapo tu.

Kwa hiyo nikaandika kwenye kundi, kwa majivuno, "Jamani, mashavu yangu hayo." Mtoto wa mama mdogo akajibu, "Dada, huyo ni mimi." Mama mdogo akaongeza kwamba yeye anamjua mtoto wake. Nilikasirika, nikavuta picha ikue, nikaona gauni la njano na kichwa kilichonyolewa, kama watoto wote wa nyumba ile. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeona mnavyobishana."

"Yule si mimi?"

"Wewe ulikuwa na tetekuwanga. Tulikuweka chumba cha nyuma usiwaambukize wenzio. Ulilia mpaka mtu wa video akaomba unyamazishwe."

"Mbona nakumbuka?"

"Kila Jumapili ulikuwa kwa jirani, utaacha kukumbuka?"

Nikamwambia haiwezekani, kwa sababu kile kitenge kilikuwa na harufu. Moshi wa kuni na maziwa ya mgando. Naisikia mpaka leo, na televisheni hainuki.

"Kitenge cha siku ile kilikuwa kipya," akasema mama. "Nilimnunulia sokoni jana yake. Kilikuwa kinanuka duka."

"Basi moshi niliutoa wapi?"

"Labda siku nyingine, tulipokwenda kwake Mbulu. Sijui, mwanangu. Nani alikuwa anaangalia?"

Tangu hapo nimechanganyikiwa kweli. Ina maana iko siku Bibi alinifuta uso mimi mwenyewe, bila keki wala turubai, na mimi nikaichukua harufu ya siku hiyo nikaibandika kwenye siku ya mwenzangu. Siku yangu sasa siioni. Sijui nilikuwa nacheka au nalia, sijui alisema nini. Ile ya turubai wajukuu wataiangalia mpaka wachoke, na hii yangu imepotea kwa uzembe wangu wa kupenda televisheni. Inaniuma kuliko nilivyotegemea.

Jana nilimwandikia mtoto wa mama mdogo, nikakiri kwamba ni yeye. Kisha nikamwomba anieleze mkono wa Bibi ulikuwaje usoni, mzito au mwepesi, na kitenge kilikuwa kigumu au laini. Akaandika kwamba hakumbuki kitu, na yeye pia anajiona tu kwenye mkanda.