Wimbo wa Baba Usiosonga

Juzi nilikuwa nikichambua maharagwe redio ilipoanza kupiga piano. Sauti tatu tu, zikipanda, zikishuka, zikirudi palepale, kisha moja ikabadilika kidogo mno. Mtangazaji alisema ni kazi ya mtunzi wa Ulaya aliyewafunza wengi kutosheka na sauti chache. Niliacha maharagwe. Muziki wa namna hiyo niliujulia kwetu Shinyalu kabla sijajua kusoma, bendera yetu ikiwa bado mpya, na aliyeupiga alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule na mpiga kinanda wa kanisa, kile cha kukanyaga kwa miguu, kilichonuka vumbi na popo. Sherehe za uhuru alizitungia nyimbo ndefu zenye madoido, kwaya ikipaza sauti hadi msituni. Halafu surua ikampata mdogo wangu Mmbone, aliyekuwa ndio kwanza anatambaa. Tulimzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba.

Mama akageukia ukutani, akaacha kusema. Kukhu, mama yake Baba, alimpikia uji wa wimbi na kumshika kidevu kama mtoto, lakini uji ulimtoka pembeni mwa mdomo. Mimi nilikaa mlangoni nikitazama kama blanketi bado linapanda na kushuka.

Baba naye akahamia kanisani. Kila alasiri alipiga sauti tatu zilezile. Kwaya ilipokuja kufanya mazoezi, akawapa hizohizo.

"Mwalimu," mama mmoja alimuuliza kwa upole, "huu wimbo unaendanga wapi?"

"Hauendi. Imbeni tu."

Watu walinong'ona kwamba msiba umemharibu akili. Mchungaji akakifunga kinanda kwa kufuli.

Siku hiyohiyo Kukhu alimngoja Baba uani. "Mwanangu, mke wako anakufa humo ndani, na wewe unacheza muziki. Nimewaita watu wa kwao waje wamchukue."

Baba alimpita. Aliingia, akaketi sakafuni kando ya kitanda, akaanza kuimba zile sauti tatu bila maneno. Sauti ilimkatika, akaanza tena, ikakatika. Niliogopa, maana sikuwa nimewahi kumsikia mwanamume akilia. Mwishowe alishindwa kabisa.

Ndipo Mama, bila kugeuka, akaziimba mwenyewe kwa koo lililokauka.

"Unakosea," alimwambia. "Mimi sikumbembelezanga Mmbone hivyo."

Kisha akaomba maji.

Nilidhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Watu wa kwao walirudi bila yeye, ndiyo, na alipona, lakini hakubeba tena mtoto mgongoni, wala hakumbembeleza mtoto wa mtu mwingine. Wimbo ulikwenda bila sisi. Wanafunzi wa Baba waliokuja kuwa walimu waliufikisha Bukura na Lugari, wakatunga nyimbo nyingine kwa mtindo wake, na leo unaimbwa matangani na watu wasiojua kwamba kulikuwa na mtoto.

Kwa miaka mingi niliamini Baba alikuwa akimwita Mama arudi. Nilielewa vingine nilipomzika mume wangu, nikawa nakunja shati lake, nalikunjua, nalikunja tena, binti yangu akinisihi niliweke sandukuni. Baba hakuwa akimwita mtu. Alijua kwamba wimbo ukisonga mbele, Mmbone atabaki nyuma peke yake.